Ubao wa Paina na Jani Zima

Jumatatu, 3 Februari

Picha mia mbili na kumi leo. Macho yanawaka. Mvua tangu asubuhi, na hita pekee ya kituo chetu cha utafiti iko chumbani kwa Dokta Mwasaga. Mkuu wetu hapaswi kupigwa na baridi ya Mbeya. Sisi tunavaa masweta mawili mawili.

Kazi ile ile. Picha ya jani la kiazi inafunguka. Nasoma namba yake, natafuta kichupa chenye namba hiyo kwenye daftari la maabara, naangalia maabara ilisema nini. Naandika chini ya picha: ukungu. Inayofuata.

Saa nne Elia kapita mlangoni na kikombe chake. Huyu ndiye mtaalamu wa kompyuta tuliyeletewa kutoka Dar. Eti, dada Tumaini, bado unabandika lebo tu?

Lebo tu! Kama vile nabandika bei kwenye sabuni. Msimu uliopita nimepanda na kushuka milima ya Kilolo miezi mitatu kwa ajili ya hizo lebo tu. Jani gonjwa tunalichuma, tunalilaza kwenye ubao, tunapiga picha. Tunakata kipande, kinaingia kwenye kichupa, kichupa kinapewa namba na kusafiri mpaka maabara hapa Mbeya. Jibu likitoka linarudi kwenye picha. Jani zima halina safari yote hiyo. Linapigwa picha likiwa kwenye shina lake, naandika "mzima", yaani mmea hauumwi, basi. Namba moja ikikosewa, jani la mtu limebebeshwa ugonjwa wa jirani yake. Lakini kwa Elia ni lebo tu.

Ubao wenyewe upo chini ya meza yangu. Kipande cha paina, kaka Festo alinipa kule Mafinga kwenye kiwanda chao cha mbao, kakipiga randa vizuri. Sasa naweka miguu juu yake maana sakafu ni barafu.

Jumatano, 5 Februari

Kikao. Dokta katangaza programu ya simu iko tayari kwenda kwa wakulima. Unapiga picha jani lako, simu inakwambia ni ukungu au ni zima. Katoa shukrani kwa Elia mara tatu. Mimi nimo kwenye "na timu nzima".

Elia kaeleza alivyofanya. Hakuanza na mashine isiyojua kitu. Kachukua ambayo ilishafundishwa huko nje kutambua mbwa, vikombe, magari, kisha ujuzi ule kauhamishia kwenye viazi kwa kutumia picha zetu. Anasema mtu anayejua baiskeli hapati tabu na pikipiki. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimeuliza kama imejaribiwa shambani. Dokta kanikata. Wageni kutoka kwa wafadhili wanakuja Machi, hatuna muda wa kuzungukazunguka. Elia akasema kaipima kwa picha ambazo mashine ilikuwa haijaziona na imepatia karibu zote. Ni picha zangu hizo, za msimu ule ule, nilizoziweka pembeni mwenyewe.

Acha niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Niliposikia "karibu zote" nilijisikia vizuri sana. Kwamba namba zangu hazikukosewa. Nikanyamaza.

Nimepangiwa kwenda Kilolo kuwawekea wakulima. Na Uporoto, huku Mbeya, ataenda mwingine.

Jumamosi, 8 Februari

Nimelala kwa Shangazi Veronika. Basi mpaka Ipogolo, Iringa, kisha gari la Kilolo, matope mpaka kwenye magoti. Jana na leo nimeweka programu kwenye simu ishirini na tatu. Shule ya kata ilitupa darasa. Wamama walijaa kuliko wababa, kama kawaida.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ndiye wa kwanza kutupokea msimu uliopita, na ndiye aliyetupa masharti. Jani gonjwa chukueni, nendeni nalo mbali. Jani zima mgeni hachumi kwenye shamba la mtu. Wamama wote wa huku wanashika hilo. Dereva wetu alichuma moja bila kujua na akafukuzwa na mama mmoja mpaka kwenye gari, jembe mkononi. Tangu siku ile nikaweka utaratibu, na sikupata ugomvi na mtu tena. Kwa hilo najisifu. Wataalamu wengi wanaingia kwenye mashamba ya watu kama wanaingia chooni kwao.

Shamba la Shangazi mwaka huu limependeza. Ni viazi vile vyekundu, mbegu ya bibi. Kijiji kizima wameshahamia mbegu mpya, ni yeye tu amebaki nayo. Kila msimu anatenga mbegu, anahifadhi darini, anapanda tena. Tangu kabla mimi sijazaliwa. Kaniambia akifa yeye nizichukue mimi, nisimwachie Festo kwa sababu Festo atazikaanga.

Simu ya tachi kapewa na binti yake. Nimemwekea programu, nimemfundisha. Kapiga picha jani. Simu ikasema: mzima. Kafurahi mpaka kanikamata bega.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya tangu asubuhi. Elia kahamisha faili zangu zote kwenye mfumo mpya bila kuniambia, nimekaa saa mbili natafuta kazi yangu mwenyewe. Nikamwambia siku nyingine akitaka kuhamisha kitu changu anigongee mlango. Kacheka. Nilitamani kumwagia chai.

Katikati ya hasira hizo Shangazi kapiga. Ameona madoa kwenye majani ya chini, upande wa bondeni. Anasema yako kama yamemwagiwa maji ya moto. Simu inasema mzima. Kapiga picha mara nne, mzima, mzima. Yeye moyo wake unamwambia apige dawa leo leo, kuna mvua inakuja.

Nikamuuliza kama anaamini moyo au anaamini utafiti. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ile ile niliyokuwa naongea na Elia. Nikamwambia mvua ya mawe huwa inaacha madoa, asipoteze dawa, ndiyo maana tumewapa simu. Akasema sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma.

Jumatatu, 17 Februari

Shamba la Shangazi limekwisha.

Kapiga saa moja asubuhi. Hakulia. Anasema limekuwa jeusi ndani ya siku nne, na linanuka. Ukungu unanuka, najua harufu hiyo, ukiisikia umeshachelewa. Wamama wengine wanne wa pale pale yamewapata hayo hayo, wote walisubiri simu. Mpaka asubuhi hii simu zao bado zinasema mzima.

Mbegu ya bibi.

Nimekaa chooni nusu saa. Kisha nimetoka kumtafuta Elia, hayupo, eti yuko mjini anashughulikia tiketi za wageni.

Jumanne, 18 Februari

Nimemsema Elia mbele ya kikao chote. Nimesema kama anavyohamisha faili zangu ovyo, ndivyo alivyochanganya lebo alipoifundisha mashine, kayapa majani magonjwa jina la mazima. Nimemwambia hajawahi kushika jembe, hajui jani moja lina thamani gani kwa mtu. Nimemwita mpiga ramli wa kompyuta. Kafungua kompyuta yake na kuanza kuangalia lebo.

Dokta kasema tatizo ni wakulima, hawajui kupiga picha. Hapo nikasimama. Shangazi yangu amelima viazi miaka arobaini, kisha ashindwe kubonyeza kitufe? Nikasema programu isimamishwe leo. Dokta kasema hakisimamishwi kitu kabla ya wageni, na nikae chini.

Nilikaa. Nyani haoni kundule, hao wawili hawatakubali kosa mpaka mwisho wa dunia.

Jana jioni nilimpigia tena Shangazi. Hakupokea.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbili na Elia kwenye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyeomba. Nimekuja na daftari langu la shambani na daftari la maabara, yeye na kompyuta. Namba kwa namba. Kichupa, picha, lebo kwangu, lebo kwake. Nilikuwa natafuta kosa lake kwa njaa. Kila ukurasa nilijua linalofuata ndilo.

Hakuna. Hata moja. Kahamisha kila kitu kilivyo.

Ningefurahi lingekuwepo. Ni aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo. Sasa hasira hazina pa kwenda na nimeshindwa hata kula.

Elia hakunisimanga. Kaniletea maandazi mawili kwenye karatasi, kaweka mezani, kaondoka. Hilo nalo limeniudhi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimejua.

Asubuhi Elia kaniita. Kuna namna ya kuiuliza mashine ilikuwa inatazama wapi ilipoamua, nayo inapaka rangi nyekundu mahali hapo. Kafungua picha ya jani gonjwa, namba ninayoikumbuka, la shamba la Mama Salome wa Kilolo. Nikangoja wekundu utokee kwenye madoa. Haukutokea kwenye madoa. Jani lenyewe halikuwa na rangi hata chembe. Wekundu wote ulikuwa pembeni, kwenye mbao. Kwenye mistari ya paina na kile kifundo cha kona ya kushoto.

Kafungua nyingine. Mbao. Nyingine. Mbao.

Nilikwenda ofisini, nikatoa ubao chini ya meza, nikaufuta alama za viatu. Elia akapiga picha jani zima la kiazi kutoka kwenye kitalu nyumba, limelazwa juu yake. Simu: ukungu. Nikaondoa jani, nikaweka kalamu yangu. Simu: ukungu. Kalamu ya wino ina ukungu. Elia akacheka, mimi pia nikacheka, kisha nikaona siwezi kuacha na haikuwa kicheko tena.

Mashine haijawahi kutazama jani. Imejifunza kwamba penye ubao pana ugonjwa, na jani lililosimama kwenye shina lake ni zima. Picha zile alizoipimia Elia zilipigwa hivyo hivyo, kwa hiyo ilipatia. Mkulima hana ubao. Anapiga jani likiwa shambani, na lazima aambiwe ni zima, hata likiwa linaoza.

Akaniuliza taratibu, kwa nini yale mazima hayakupigwa ubaoni kama mengine? Hakuuliza kwa ubaya. Nikajibu ni masharti ya wenyeji, jani zima halichumwi. Akauliza iliandikwa wapi, maana yeye hakuliona kwenye maelezo ya picha.

Iliandikwa kwenye daftari langu. Ukurasa wa tatu, mwandiko wangu: "Majani mazima yapigwe kwenye shina, yasichumwe. T.K." Picha zilihamishwa, lebo zilihamishwa, vichupa vilihamishwa. Sentensi hiyo sikuihamisha. Sikuona umuhimu. Ilikuwa adabu tu, nani anaandika adabu kwenye kompyuta.

Nyani ni mimi.

Na siku chache kabla shamba halijaoza, Shangazi kaniambia kwa mdomo wake majani yako kama yamemwagiwa maji ya moto. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kuutambua ukungu. Kwa maneno hayo hayo. Sikusikia.

Jumatatu, 24 Februari

Nimesema yote kikaoni. Nimesimama pale pale niliposimama wiki iliyopita. Nimesema ubao ni wangu, utaratibu ni wangu, ukimya ni wangu. Nimemwomba Elia radhi kwa jina, mbele ya wale wale waliosikia nikimtukana. Kaitikia kwa kichwa, kasema yaishe. Kaongeza kwamba na yeye alipaswa kuzifungua zile picha kwa macho yake, si kuzihesabu tu. Watu wengine walikuwa wanaangalia sakafu.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema vizuri, tumejifunza, kwenye ripoti tutaandika "changamoto za mazingira ya shamba". Programu itabaki mpaka wageni waondoke, halafu tutarekebisha kimya kimya.

Mazingira ya shamba! Mazingira yamekosa nini? Nilimwambia sisaini ripoti hiyo. Nikamwambia kila siku inayopita kuna mtu Uporoto ananyanyua simu anaambiwa jani lake ni zima. Kanikumbusha mkataba wangu unaisha Juni. Nikasema basi utaisha Juni.

Sikungoja ruhusa. Karatasi za mahudhurio ninazo, za Kilolo na Uporoto, na namba za simu ziko mle. Nilianza kupiga saa sita mchana. Saa saba Elia kaingia na simu yake, kavuta kiti, kaomba nusu ya majina. Tulipiga mpaka jioni. Kamwene mama, ni Tumaini wa viazi, usiifuate ile simu, ukiona doa piga dawa, kosa ni letu. Wengine walishukuru. Mmoja kanitukana kwa Kihehe vizuri sana, nikamwacha amalize. Baba mmoja wa Uporoto kasema yeye hakuwahi kuifuata, mashine iliyomwambia mguu wake una ukungu alipokuwa amekaa kwenye benchi la mbao haina akili.

Alijua tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa, 28 Februari

Programu imeondolewa. Si kwa sababu ya maneno yangu. Wakulima wenyewe walianza kumpigia Dokta, wengi kwa siku moja, na mmoja kampigia mheshimiwa diwani. Dokta hanisalimii. Hita kaifungia kwa ufunguo.

Bado nina hasira naye, na hilo sitalificha. Lakini zimepungua ukali kwa sababu kila nikianza kumsema kichwani, naona ule ukurasa wa tatu.

Shangazi hajapokea simu wiki nzima. Nimemtumia ujumbe kwamba nakuja Jumapili. Hajajibu.

Jumapili, 2 Machi. Kilolo

Nilifika watu wakiwa wanatoka kanisani. Nilikuwa na ubao kwenye mfuko. Sijui kwa nini niliubeba, nadhani nilitaka aone kitu chenyewe.

Shikamoo. Marahaba. Kaniwekea kiti, kaniletea chai na viazi vya kuchemsha, vya kununua, vyeupe. Nilimweleza yote. Kuhusu ubao, kuhusu daftari, kuhusu siku ile aliponipigia na nilivyomjibu. Sikumtaja Dokta wala Elia. Aliendelea kumenya kiazi chake.

Kisha kanichukua shambani. Bondeni kote ni peusi, mashina yamelala kwenye matuta, nzi. Tukapita katikati. Kule juu, karibu na ukuta wa nyumba, kuna tuta moja la kijani. Tuta moja tu, limesimama vizuri, limeanza na maua.

Siku ile nilipokata simu alikuwa na dawa kidogo iliyobaki kwenye bomba. Akaona kuimwaga ni hasara na kunibishia ni aibu. Akapiga tuta la nyuma ya nyumba, mahali ambapo nisingeliona nikija. Mbegu ya msimu ujao itatoka hapo, itatosha kupanda kipande kidogo. Baada ya misimu miwili mitatu itajaza shamba tena, Mungu akipenda.

Nikakaa chini kwenye udongo. Nililia, ndiyo. Kanipa khanga yake.

Nilipotulia kauliza sasa mashine itafundishwaje. Nikamwambia ingetakiwa majani mazima yapigwe picha ubaoni, na yenye ugonjwa yapigwe kwenye shina, vyote vichanganyike. Lakini mazima hayachumwi, na siwezi kuvunja sharti.

Akang'oa gugu moja kwenye tuta, akalitupa.

"Nilisema mgeni hachumi," akasema. "Mwenye shamba anachuma. Mbona hukuniomba?"

Miezi mitatu nilipita humu na adabu zangu, nikijisifu, na sikumuuliza hata mama mmoja.

Akainama kwenye lile tuta, kachagua, kachuma jani moja la katikati. Nikatoa ubao, nikauweka juu ya tuta. Akalilaza mwenyewe, kalinyoosha kwa kidole. Nikapiga picha.

Nimeandika daftarini, na safari hii nimeandika yote: jani zima, juu ya ubao wa paina, tuta la nyuma ya nyumba, mbegu ya bibi. Limechumwa na mwenye shamba, Veronika, baada ya kuombwa.